Geti la chuo lisiwe mpaka wa pili

Mama anayetoka Bukoba na pikapu ya mchele kwenda Kampala hupita Mutukula. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe pale mwaka 2017, maofisa wa Tanzania na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Mzigo wake ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukiwemo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, na thamani yake isipozidi Dola 2,000 za Marekani, anapewa cheti rahisi cha uasili na hatozwi ushuru wa forodha. Bima ya gari anayo, kadi ya njano. Pasipoti ya Afrika Mashariki anayo. Anapanda gari na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 200.

Anafika Kampala asubuhi. Mteja wake ni mwenye jiko la kulisha wanafunzi ndani ya chuo kikuu. Hapo ndipo safari inapokwama. Askari wa getini anatazama namba ya gari inayoanza na herufi T, anazunguka gari mara mbili, kisha anauliza stika. Stika hana. Anauliza kitambulisho cha kuacha getini. Mama anatoa pasipoti; askari anataka kitambulisho cha taifa cha Uganda. Anaambiwa alipie maegesho kwa simu. Laini yake ni ya Tanzania. Anaambiwa asubiri msimamizi, na msimamizi yuko kwenye kikao.

Huu ni mfano tu, lakini wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa vyuoni, na wazazi wanaosindikiza watoto wao kwenda kusoma nchi jirani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mpaka wa nchi umelegea, geti la chuo limekaza. Saa moja iliyookolewa Mutukula, Busia au Rusumo inapotea mbele ya kizuizi cha bomba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Wapo watakaosema kwamba maegesho ya chuo ni jambo dogo mno kuandikiwa tahariri. Jambo dogo linalomkuta mtu mmoja mara moja kwa mwaka ni dogo kweli. Linalomkuta mfanyabiashara yuleyule mara mbili kwa wiki, muhula mzima, ni gharama ya biashara. Ichukuliwe kwa hesabu ya mfano kwamba kila anapoingia anatoa Sh5,000 za Uganda. Kwa safari mbili za wiki na muhula wa wiki 15, atakuwa ametoa Sh150,000. Kwa mwenye mtaji wa pikapu moja, hiyo si fedha ya kutupa. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba hukitoboa.

Haki inataka vyuo navyo visikilizwe. Eneo la chuo si soko wala stendi. Gari dogo moja likiegeshwa, ukijumlisha na njia yake ya kuingilia na kutokea, linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 100 yanahitaji hadi mita za mraba 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira wa miguu. Vyuo vingi vya ukanda huu vilijengwa wakati mhadhiri mwenye gari alikuwa akihesabika kwa vidole. Leo wahadhiri, watumishi na hata wanafunzi wanaendesha, huku majengo mapya yakimeza viwanja vya wazi kila mwaka. Bila utaratibu, gari la wagonjwa halitapita na gari la zimamoto litakwama kwenye kona.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na watu 148 wakauawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Baada ya siku ile hakuna mkuu wa chuo katika ukanda huu aliyeweza kuacha geti lake wazi kama zamani. Askari anayepekua buti la gari na kuandika namba kwenye daftari anatimiza wajibu wake. Mfanyabiashara mwenye mtoto chuoni ndiye wa kwanza kutaka upekuzi huo ufanyike.

Wala tatizo la nafasi si la Afrika Mashariki peke yake. Katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Marekani, nafasi ya kuegesha gari ni adimu kiasi kwamba mwanazuoni akishinda Tuzo ya Nobel, moja ya heshima anazopewa ni sehemu yake maalumu ya maegesho. Na mara nyingi vibali vinapotolewa, vyuo hutoa stika nyingi kuliko nafasi zilizopo, kwa hesabu kwamba wenye magari hawaji wote kwa wakati mmoja. Mwenye stika hupewa ruhusa ya kutafuta nafasi. Nafasi yenyewe hakuhakikishiwa.

Basi vibali na iwepo. Hoja ya gazeti hili ni namna vinavyotungwa na namna vinavyosimamiwa. Utaratibu wa kawaida wa chuo unawajua watu wa aina tatu: mtumishi mwenye stika ya mwaka, mwanafunzi mwenye stika ya muhula, na mgeni anayepewa kadi ya siku. Mfanyabiashara anayeleta mzigo hayumo. Si mtumishi, si mwanafunzi, na mgeni anayekuja kila Jumanne na Ijumaa na magunia 20 si mgeni tena. Kwa kuwa hana fungu lake, anaamuliwa na yeyote aliye zamu siku hiyo. Jumanne anaruhusiwa bure, Ijumaa anatozwa, wiki inayofuata anarudishwa.

Akiwa ametoka nje ya nchi, mashimo yanaongezeka. La kwanza ni namba ya gari. Mifumo ya kielektroniki inayotumika kusajili magari na kutoza maegesho hutengenezwa kwa kufikiria namba za nchi husika. Gari la Kenya lenye namba inayoanza na K, la Rwanda lenye R au la Tanzania lenye T, linaweza kufika mbele ya mashine isiyolitambua. Askari naye, akiogopa lawama, anaona heri kulizuia kuliko kuliandika kwa mkono.

Shimo la pili ni kitambulisho. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ni ajabu basi kwamba kitambulisho kilichomtosha ofisa wa uhamiaji wa Busia kikataliwe na mlinzi wa kampuni binafsi getini. Tena kumwachisha msafiri pasipoti au kitambulisho chake mlangoni ni kumweka hatarini. Akikutana na polisi ndani ya mji wa ugenini hana cha kuonyesha, na karatasi hiyo ikipotea, hana njia ya kurudi nyumbani kwa amani.

Shimo la tatu ni malipo. Taasisi za umma za Tanzania hupokea fedha kwa kumbukumbu namba ya mfumo wa serikali. Kenya malipo ya serikali yamekusanywa kwenye eCitizen. Uganda vyuo vya umma hupokea karo kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Mamlaka ya Mapato, na Rwanda huduma nyingi za umma hulipiwa kupitia Irembo. Kila mfumo una faida yake, kwa sababu fedha inaonekana na risiti inatoka. Lakini laini ya simu ya nchi moja haina uhakika wa kulipia bili ya nchi nyingine. Msafiri anayezuiwa kulipa kwa taslimu, na simu yake haikubaliki, anabakiwa na njia moja: kumwomba mtu aliyesimama pale amlipie, kisha amrudishie na kitu kidogo juu.

Lipo na la nne ambalo mwenye geti halioni, kwa kuwa hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na usukani uko kushoto. Kidirisha cha kutolea kadi katika geti la Kampala, Nairobi au Dar es Salaam kimewekwa upande wa kulia wa gari. Dereva wa Kigali aliye peke yake inabidi ashuke, azunguke gari, achukue kadi, arudi, huku foleni nyuma yake ikipiga honi. Kwa mtaalamu wa ujenzi ni suala la kuweka askari mmoja upande wa pili. Kwa dereva ni aibu ya kila safari.

Vyuo vinapaswa kukumbuka vilikotoka. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana wa Kisumu alikwenda Dar es Salaam kusoma sheria na wa Moshi alikwenda Makerere kusoma udaktari, wote wakiwa bado ndani ya chuo chao. Chuo hicho kiligawanyika, lakini ushirikiano haukufa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala hadi leo. Na Mei 20, 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, lengo likiwa mwanafunzi wa nchi mwanachama aweze kusoma popote ndani ya Jumuiya bila kuhesabiwa kuwa mtu baki.

Mwanafunzi huyo haendi peke yake. Anasindikizwa na mzazi mwenye sanduku, godoro na ndoo. Nyuma yake wanakuja wauza vitabu, wauza mitumba, wauza vyakula na mafundi wa simu. Wengi wao ni wafanyabiashara wa mipakani, na wengine ndio haohao wazazi. Haiwezekani kumkaribisha mtoto kwa mkono wa kulia na kumsukuma baba yake kwa mkono wa kushoto.

Sheria za Jumuiya nazo zimesema. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama zisimbague raia wa nchi nyingine mwanachama kwa sababu ya uraia wake, na ziwe na uwazi katika mambo yanayomhusu. Mwaka 2017 ikaja Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha. Ni muhimu wafanyabiashara waielewe vizuri mipaka ya sheria hizi wasije wakapoteza muda. Ada ya maegesho inayotozwa watu wote kwa kiwango kilekile, ikabandikwa getini na kutolewa risiti, si kikwazo cha biashara. Ni gharama kama gharama nyingine. Lakini pale gari linapokataliwa au kutozwa zaidi kwa sababu tu ya herufi iliyoko mwanzo wa namba yake, jambo limebadilika, na mlalamikaji ana haki ya kulifikisha kwa kamati ya taifa ya kufuatilia vikwazo hivyo, iliyopo katika nchi wanachama.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara na wasimamizi wa vyuo: mwenye mzigo ashushe nje, mteja wake aje kuchukua. Hoja hiyo ina uzito pale tu panapokuwa na mahali pa kushushia. Vyuo vingi vikubwa vimezungukwa na mji. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko katikati ya jiji, na hatua chache nje ya uzio wake, maegesho ya barabarani ni ya Kaunti ya Nairobi. Mwenye pikapu aliyekimbia kanuni za chuo anaangukia kanuni za jiji, zenye ada zake, askari wake na minyororo yake ya kufungia magurudumu. Amehamishwa kutoka mikono ya mmoja kwenda ya mwingine, na mchele bado uko juu ya gari. Nyanya, samaki na maziwa hayasubiri mabishano hayo.

Gazeti hili linaona mambo sita yanayoweza kufanywa na chuo chochote bila kusubiri mkutano wa marais.

Kwanza, kanuni na ada zibandikwe getini kwa herufi kubwa, na Kiswahili kiwemo. Bunge la Rwanda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia mwaka 2022. Kenya na Tanzania hazihitaji kukumbushwa. Lugha inayofundishwa ndani ya ukumbi wa mihadhara haiwezi kushindwa kukaa kwenye ubao wa geti.

Pili, pawe na kibali cha msambazaji. Mwenye mteja ndani ya chuo aandikishwe mara moja kwa muhula, kwa barua ya mteja wake, nakala ya kitambulisho na namba ya gari, iwe ya nchi yoyote mwanachama. Usalama utaongezeka, kwa kuwa askari atamjua anayeingia kabla hajafika.

Tatu, zitengwe saa za mizigo. Kuanzia alfajiri hadi saa 3:00 asubuhi sehemu nyingi za maegesho huwa bado zina nafasi. Mwenye mzigo aingie saa hizo, apewe dakika 30 au 45 za kushusha bila malipo, kisha atoke. Akizidisha, alipe.

Nne, mlipaji asiyekuwa na laini ya nchi awe na njia halali ya kulipa. Inaweza kuwa dirisha moja la taslimu lenye kitabu cha risiti, au mteja wake kulipa kwa niaba yake mapema. Lisilokubalika ni fedha kupokelewa mkononi bila karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo linavihusu vyuo pia: fedha inayoingia mfukoni mwa mtu haijengi maegesho mapya.

Tano, msafiri asinyang'anywe pasipoti wala kitambulisho. Namba yake iandikwe, picha ichukuliwe kama ni lazima, na karatasi arudishiwe palepale.

Sita, pawe na mahali pa kukata rufaa. Gari likifungwa mnyororo, mwenyewe apewe karatasi inayosema kosa ni lipi, faini ni kiasi gani, na malalamiko yapelekwe ofisi ipi. Mtu atakayevuka mpaka jioni ileile hawezi kuambiwa arudi Jumatatu. Shauri lake liamuliwe siku hiyohiyo.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo limekwisha kufanya kazi kubwa ya kulinganisha viwango vya kozi na ubora wa elimu, linaweza kuandaa mwongozo mfupi wa kurasa mbili wenye mambo hayo. Kulinganisha vyeti vya shahada kulikuwa kugumu zaidi kuliko kulinganisha stika.

Wafanyabiashara nao wana deni. Wapo wanaoegesha mbele ya zahanati ya chuo kwa kisingizio cha dakika mbili, na dakika mbili zikazaa nusu saa. Wapo wanaogeuza gari la kushushia mzigo kuwa duka, wakafungua milango ya nyuma na kuanza kuuza rejareja chini ya mti. Wapo wanaompa askari fedha hata pale ambapo hawakuombwa, ili wapite mbele ya wenzao, kisha wanalalamika kwamba geti limeoza. Anayetoa na anayepokea ni walewale. Mfanyabiashara anayetaka kuheshimiwa apige simu kwa mteja kabla ya kuondoka, aweke karatasi zake pamoja, adai risiti kila anapolipa, na aitunze. Risiti za muhula mzima ni ushahidi mzito kuliko malalamiko ya mdomo, na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuzikusanya na kwenda nazo mbele ya uongozi wa chuo zikiwa zimepangwa mezani.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama wa Bukoba haombi kupigiwa saluti. Anataka kujua kabla hajawasha gari kwamba ataingia saa ngapi, atalipa kiasi gani, ataegesha wapi na atatoka lini. Akiyajua hayo, wanafunzi watakula kwa wakati, mwenye jiko atalipa deni lake, na yeye atafika Mutukula kabla giza halijaingia. Wakuu wa vyuo wanaofungua muhula mpya waanze na kazi ambayo haihitaji bajeti: watoke ofisini asubuhi moja, wasimame kwenye geti lao kwa saa mbili, na waangalie nani anarudishwa na kwa sababu gani.